Madebe Tisa ya Asumini

Miaka kadhaa iliyopita niliandika kijitabu chembamba kuhusu namna ya kulisha maua ya nyumbani kwa mbolea za asili: samadi ya mbuzi, majani ya chai yaliyokwisha kutumika, maganda ya mayai, maji ya kuoshea mchele, na zaidi ya yote, maji ya samaki yaliyoozeshwa pipani. Nilikiandika kwa ajili ya vikundi vya wanawake wanaokuza maua mijini, wala sikutegemea kwamba kingesomwa sana. Kimesomwa. Wapo wanaonisimamisha njiani kunieleza kwamba mwaridi wao uliokaa miaka miwili bila ua sasa unachanua, na kwamba siri ni lile pipa la ukurasa wa tisa. Katika ukurasa wa kwanza niliandika kwamba elimu hiyo niliirithi kwa bibi yangu mzaa mama, Kariakoo. Nimeambiwa mara nyingi kwamba sentensi hiyo inagusa moyo. Ni sentensi ya uongo, na nilijua kuwa ni ya uongo nilipokuwa nikiiandika.

Bibi yangu alikuwa na nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita, mitaa mitatu kutoka sokoni. Wazazi wangu walikuwa wamehamishiwa mkoani kikazi, nami niliachwa kwake ili nisikatishe masomo. Nilikuwa kidato cha pili, mwanafunzi wa aina ambayo walimu huipenda: mwandiko mzuri, sare iliyopigwa pasi, mkono ulio tayari kunyanyuka. Ilikuwa miaka ile ambayo shule zote zililima. Kila darasa lilikuwa na sehemu yake ya shamba, tuliimba kuhusu jembe, na mimi nilikuwa kiongozi wa kilimo wa darasa letu, jambo lililonipa ufunguo wa stoo na kiburi kisicholingana na ukubwa wa stoo yenyewe.

Bibi hakuwa na shamba. Alikuwa na madebe. Madebe tisa ya asumini, yaliyobeba mafuta ya taa kabla hayajatobolewa matundu chini, yalipangwa kando ya ukuta wa ua palipopata jua la asubuhi, na mengine matatu ya waridi yalikaa karibu na mlango wa jiko. Asumini ilitambaa juu ya fito zilizofungwa kwa kamba za mnazi. Kila alasiri bibi alichuma matumba ambayo hayajafunguka, akayatunga kwa uzi, na Mfungo Sita ulipokaribia, mwezi wa Maulidi na wa harusi nyingi, nyumba nzima nzima za mtaa wetu zilimtegemea yeye. Hakujiita fundi wa kitu chochote. Lakini ilijulikana kwamba bibi harusi wa mtaa ule hatoki ndani bila asumini ya uani kwa bibi yangu.

Katika chumba cha uani, kile kilichopakana na bafu, alikaa mwanamke wa makamo aliyetoka kusini, ng'ambo ya Rufiji. Alikaanga samaki Feri, soko la samaki la ufukweni. Kabila lake na kabila la bibi ni watani, na kwa sababu hiyo hakuingia katika nyumba ile kama wapangaji wengine walivyoingia. Alifika barazani siku ya kwanza na mzigo wake kichwani, akamwambia bibi, ambaye hajawahi kumwona, kwamba amesikia mwenye nyumba hii karibu anakufa, naye amekuja kuchagua chumba mapema. Bibi alicheka mpaka akaegemea nguzo. Tangu siku hiyo kila asubuhi ilianza kwa matusi yao. Huyu humwuliza mwenzake kama bado yuko hai, na yule hujibu kwamba anangoja mwenye nyumba atangulie, ili ale wali wa matanga yake. Mimi nilimwita mama mdogo. Yeye aliniita mtani mdogo.

Maua yale, ambayo sifa yake ilikuwa ya bibi, yalilishwa na yeye. Kila alasiri alirudi kutoka Feri na ndoo yenye kifuniko, ndani yake mna matumbo, mapezi na vichwa vya samaki ambavyo wengine walivitupa. Kabla ya kuondoka huko alivisuuza mara tatu kwa maji ya bomba, kwa sababu maji ya bahari, alisema, ni adui wa ua. Hata maji ya kulowekea ng'onda, wale samaki waliokaushwa kwa chumvi, hakuyaruhusu kukanyaga ua wetu. Alivitia vyote katika pipa lililokatwa nusu, akavifunika kwa majivu na machicha ya kahawa aliyopewa na muuza kahawa wa pembeni, akajaza maji, akaweka ubao na jiwe juu yake. Siku tano au sita za kwanza pipa lilinuka kiasi cha kukausha koo. Kisha harufu ilipungua, na baada ya majuma matatu ilibaki harufu ya udongo uliolowa. Hapo ndipo alipochota: kata moja ya maji yale kwa ndoo nzima ya maji safi, akimwaga jioni, mbali na shina.

“Kikinuka bado hakijaiva,” alinifundisha. “Ua ni kama mtoto mchanga, halishiki chakula kibichi.”

Maneno hayo yamo katika kijitabu changu, neno kwa neno, ukurasa wa kumi.

Kisa chote kilianza na pua ya mtu mwingine. Mwanafunzi mwenzangu, binti wa ofisa aliyekaa Upanga, alikuja Jumapili moja kuazima daftari. Ilikuwa siku ya tatu ya pipa jipya. Alimwamkia bibi kwa adabu, akakubali chai, akainywa huku mkono wake mmoja hauondoki usoni. Jumatatu, nilipoingia darasani, sauti kutoka nyuma ilisema, “Feri imeingia,” na darasa likacheka. Waliendelea kuniita hivyo muhula mzima. Ningestahimili kuitwa maskini. Miaka ile tulifundishwa kwamba umaskini si aibu, na wengi wetu tuliamini. Harufu ilikuwa jambo jingine. Nilianza kunusa mikono yangu chini ya dawati. Kila nilipomwona mama mdogo akija na ndoo yake niligeuka kuingia chumbani, ili asinitume kumshikia.

Nilimwomba bibi aliondoe pipa. Nilimwambia kwamba mwalimu wetu wa sayansi anasema njia zile za kizamani huleta nzi na maradhi, jambo ambalo mwalimu hakuwahi kulisema. Bibi aliendelea kutunga uzi wake, akanijibu kwamba katika nyumba ile pua yangu ndiyo iliyosoma kuliko mimi. Mama mdogo, aliyekuwa akipaa samaki karibu na hapo, akamshauri aniache, huenda nikaolewa na mwanamume anayepanda maua ya karatasi. Wakacheka wote wawili. Nami nikaamua kuwaonyesha.

Katika stoo ya shule mlikuwa na mbolea ya chumvichumvi tuliyopewa kwa ajili ya mahindi. Ilikuwa punje nyeupe, safi, kavu, kama sukari ambayo siku zile tuliipangia foleni. Mwalimu wa kilimo alikuwa ametufundisha kipimo chake: kizibo kimoja cha soda kwa kila shimo la mahindi, udongo ukiwa umelowa, na punje zisiguse shina. Kipimo hicho nilikijua kama jina langu. Mimi ndiye niliyewasimamia wenzangu wasikizidishe. Nilijaza kopo la maziwa ya unga, nikalifunga kwa gazeti, nikaondoka nalo katika mkoba wa vitabu. Nilikuwa na mpango kamili. Asumini itakapofurika, nitalitoa kopo mbele ya watu wote na kueleza kwa maneno ya darasani kilichotokea, na pipa litatupwa siku hiyohiyo.

Siku bibi alipokwenda msibani na mama mdogo yuko Feri, nilitia kizibo kimoja kwa kila debe la asumini. Juma moja baadaye majani yalikuwa ya kijani kibichi kuliko nilivyowahi kuyaona, na bibi mwenyewe alisimama akayatazama. Lakini yalikuwa majani tu. Matumba yalikuwa machache. Nyumba ya mkabala ilikuwa na harusi, na Maulidi ya mtaa yalikuwa yakija. Zilibaki siku kumi na mbili. Nikaongeza vizibo vitatu kwa kila debe. Baada ya siku mbili nikaongeza vinne. Ilikuwa joto la kaskazi, bomba lilitoa maji siku moja na kukataa siku ya pili, na ndoo zilihesabiwa, kwa hiyo sikumwagia maji ya kutosha kuyeyusha mbolea ile, nikiogopa kuulizwa. Nilijua pia kwamba hilo ni kosa. Ningemkemea mwanafunzi yeyote ambaye angelifanya.

Kingo za majani zilianza kuwa kahawia, kama karatasi iliyopitishwa karibu na moto. Kisha matumba yakaanguka bila kufunguka. Siku ya tano, madebe yote tisa yalikuwa yamesinyaa, na juu ya udongo, pembezoni mwa kila debe, kulikuwa na ukoko mweupe. Waridi, ambayo sikuigusa, ilisimama karibu na jiko ikiwa na afya yake.

Bibi aliinama juu ya debe la kwanza siku ile alasiri, wapangaji wakiwa uani na shughuli zao. Alikwangua ule weupe kwa ukucha, akaugusisha ulimini, akatema.

“Chumvi,” alisema.

Akageuka taratibu kumtazama mama mdogo, ambaye ndiyo kwanza alikuwa amefika na ndoo yake.

“Mtani, chumvi hii umeitoa wapi?”

“Nimeitoa kwetu,” mama mdogo alijibu, akiitua ndoo. “Maana huku kwenu hata chumvi ya mboga mnaazima.”

Wapangaji wakacheka. Mimi nilicheka pia; nimekumbuka kicheko changu hicho kuliko vyote. Bibi hakucheka.

“Sikutanii,” alisema.

Sijui kama nitaweza kumweleza mtu asiyekulia katika utani uzito wa neno lile. Watani waweza kuambiana chochote, wakanyang'anyana chakula mdomoni, wakashikiana maiti mpaka wafiwa walipe, na hakuna anayeruhusiwa kukasirika. Kwa hiyo hakuna adhabu kubwa kuliko kumwambia mtani wako kwamba sasa unasema kweli. Mama mdogo alifuta mikono yake katika kanga, mmoja, kisha wa pili. Akasema, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, kwamba maji ya ng'onda hayajaingia katika nyumba ile tangu yeye alipoingia, na kwamba bibi anajua hivyo. Bibi akamwuliza ni nani mwingine pale ndani anayeshika chumvi ya samaki kila siku. Nilikuwa nimesimama hatua nne kutoka walipokuwa, na kopo la maziwa lilikuwa chini ya kitanda changu.

Nilijiambia kwamba nitasema jioni. Jioni nikajiambia nitasema baada ya harusi, bibi atakapokuwa ametulia. Bibi alilazimika kuagiza asumini Ilala, kwa mwanamke ambaye siku zote alimcheka kwa nyuzi zake fupi, na watu wa nyumba ya mkabala walipokea bila kulalamika. Kutolalamika kwao kulimkata maini. Aliporudi kutoka harusini alilala na nguo zake za kutokea.

Hakumfukuza mama mdogo. Alianza kumsalimia. “Habari za asubuhi, mama,” alimwambia kila siku, kwa sauti ya mtu anayeongea na karani wa posta, naye akajibiwa vivyo hivyo. Pipa lilikaa limefunikwa. Wapangaji wengine wakaanza kunong'ona wanapopita karibu na mlango wa uani. Nilidhani nimeuona ubaya wote wa jambo lile, na kwamba zaidi ya hapo halitakwenda. Nilikuwa mtoto wa shule, sikufikiria orodha.

Siku zile serikali ilihimiza kila mtu awe na kazi inayotambulika, na wale walioonekana kuzurura mjini walirudishwa mikoani kwao wakalime. Mara kwa mara balozi wa nyumba kumi alitakiwa kuorodhesha watu wa eneo lake. Balozi wetu alikuwa fundi cherehani mzee, mpole, ambaye macho yake yalikuwa yamechoshwa na sindano, na kwa sababu mwandiko wangu ulijulikana, mimi ndiye niliyemwandikia. Daftari lilikuwa na safu nne: jina, anatoka wapi, kazi, nani anamdhamini. Mwaka uliotangulia, tulipofika kwa mama mdogo, bibi hakumngoja balozi amalize kuuliza. Alisema huyo ni mtani wake, mtu wa nyumba ile, na kama wanamtaka wamchukue yeye kwanza. Balozi alicheka, nami nikaandika jina la bibi katika safu ya nne. Kukaanga samaki bila leseni hakukuhesabiwa kazi. Ilikuwa ile safu ya nne iliyomweka mjini.

Mara hii balozi alikaa barazani, mimi karibu naye na kalamu yangu, bibi kwenye mkeka. Tulipita chumba kwa chumba. Tulipofika cha uani balozi akauliza, kwa namna ya mtu anayejua jibu, “Na mtani wako je?”

Bibi alikuwa anachambua mchele. Aliendelea kuchambua.

“Ni mpangaji,” alisema.

Balozi akangoja. Nadhani alimpa nafasi. Alikuwa mtu mwema. Kisha akanigeukia mimi.

“Andika, mwanangu.”

Nililiandika jina la mama mdogo, majina yake matatu, kwa ule mwandiko uliosifiwa. Niliandika wilaya aliyotoka. Chini ya kazi niliandika kwamba hana kazi maalumu. Kisha nikafika kwenye safu ya nne. Nakumbuka kwamba wino ulikuwa wa bluu, na kwamba nilitazama mlango wa ua, nikijua kwamba maneno machache tu yangetosha: si yeye, bibi, ni mimi. Nikapiga kistari. Nilikipiga kimenyooka, kama nilivyofundishwa, nikakausha wino kwa kupuliza.

Baada ya muda si mrefu aliitwa ofisini akaambiwa ajitayarishe. Alipewa juma moja. Lori la watu wa kusini lilikuwa liondoke Jumamosi.

Wengine wangetumia siku hizo kuuza vyombo vyao. Yeye hakwenda Feri tena. Alikaa uani na yale madebe. Aliyapindua moja moja juu ya gunia, akatikisa udongo wote ulioungua, akaosha mizizi kwa maji safi, ndoo baada ya ndoo, akiwa kwenye foleni ya bomba tangu alfajiri. Alikata matawi yaliyokufa mpaka yakabaki mashina mafupi ya kusikitisha. Akachanganya udongo mpya na samadi ya mbuzi na mashapo ya pipa la zamani, yaliyokuwa meusi, mororo, yasiyonuka kabisa, akapanda upya. Mpangaji mmoja alimwuliza kwa nini anamhangaikia mtu aliyemwacha. Alijibu kwamba maua hayajamkosea. Siku ya pili bibi alitoka jikoni, akaiweka ndoo ya maji karibu naye, akarudi ndani. Siku ya tatu akafanya hivyohivyo. Alikuwa na kiburi kikubwa bibi yangu, na ndoo zile ndizo alizoweza.

Ilikuwa siku hiyo ya tatu, Alhamisi, nilipotoka shule nikampata peke yake akiwa kwenye debe la saba. Nilimwamkia, akaniitikia marahaba yake ya siku zote. Nilitaka kupita.

“Mtani mdogo,” aliita. “Njoo kwanza.”

Akafumbua kiganja. Juu yake, kikiwa na udongo na punje tatu nne nyeupe zilizogandia ndani yake, kilikuwa kizibo cha soda. Sikuwa nimejua kwamba kilinidondoka.

“Samaki wa kwetu hawanywi soda,” alisema.

Aliusema ule utani akitabasamu, kama alivyousema utani wake wote, na akaninyooshea kizibo nikichukue. Nimeupima ule uso mara nyingi katika miaka hii na sijaweza kuona hasira ndani yake. Alikuwa anangoja. Bibi alikuwa jikoni, sauti ya kinu ilisikika. Haikuwa safari ndefu kwenda kule. Nilikichukua kizibo. Nikamwambia, “Asante, mama mdogo.” Nikaenda chooni nikakitupa.

Nilikuwa na Alhamisi iliyobaki, na Ijumaa yote. Jumamosi ilikuwa zamu ya darasa letu shambani. Kiongozi wa kilimo angeweza kuomba ruhusa, lakini nilikwenda. Nilikaa mchana kutwa nikiwagawia wenzangu mbolea ya mahindi, kizibo kimoja kila shimo, nikimkaripia mmoja aliyezidisha. Niliporudi chumba cha uani kilikuwa kimefagiwa. Juu ya pipa ubao ulikuwa mahali pake na jiwe juu yake. Bibi aliniambia tu kwamba yule mama ameacha maagizo: pipa lisifunguliwe kabla halijaacha kunuka.

Masika yalipokuja asumini ilichipua kutoka chini, na kufikia mwisho wa mvua madebe yote tisa yalifunika fito zao. Sijaona asumini kama ile kabla wala baada. Wanawake walikuja kuomba vipande vya kupanda. Bibi aliwapa, akapokea sifa kwa kuitikia kwa kichwa, na kila alipokuwa peke yake na maua yale alikuwa na tabia ya kusema nayo kwa matusi ya kiutani, kwa sauti ya chini. Pipa tuliliendeleza sisi. Nilikwenda Feri mwenyewe na ndoo, nikasuuza matumbo mara tatu. Shuleni hakuna tena aliyeniita Feri. Walikuwa wamepata mtu mwingine wa kumcheka.

Nilimwambia bibi nilipokuwa nimemaliza chuo cha kilimo, karibu miaka minane baadaye. Alikuwa ameanza kupoteza nguvu za miguu. Nilimwambia yote, kopo, vizibo, kile cha debe la saba, nikilia, na naungama kwamba nilitegemea kufarijiwa. Aliniacha nimalize.

“Mimi nilisema, wewe uliandika,” alisema mwishowe. “La kwangu nitaulizwa mimi. Lako usinitwishe.”

Kisha akaniomba nimtafute. Nilikwenda Feri, nikawauliza wakaanga samaki wa zamani. Mmoja alimkumbuka vizuri. Aliniambia kwamba mwenzao huyo alirudi mjini baada ya misimu miwili tu ya kulima, akapata leseni, akapanga chumba Magomeni, akakaa huko miaka mitano. Mwaka uliotangulia tu ndipo aliporudi kwao kabisa kwa ajili ya ugonjwa. Mbele ya mlango wake, aliongeza mkaanga samaki yule, kulikuwa na makopo ya maua usiyoweza kuyahesabu. Miaka mitano, basi moja kutoka mlangoni petu, na hakuwahi kuukanyaga mtaa wetu. Niliandika barua kwa mwenyekiti wa kijiji alichotoka. Haikujibiwa. Bibi alipofariki walikuja watani wengine wa kusini waliokuwa mjini, wakazuia jeneza mlangoni kama ilivyo desturi, wakacheza na kutukana, na kila mmoja alisema wamefanya vizuri sana.

Chuoni, mhadhiri alipotuuliza ni nani anayejua namna ya kutengeneza mbolea ya maji kwa takataka za samaki, nilinyoosha mkono. Nilieleza majivu, machicha ya kahawa, kata moja kwa ndoo, mbali na shina. Alinisifu, akauliza nimejifunzia wapi. Nikasema kwa bibi yangu. Lilikuwa jibu fupi, na lisingeleta swali jingine. Kama ningesema ni mwanamke aliyekaa chumba cha uani, angeuliza sasa yuko wapi. Jibu hilohilo ndilo nililolichapisha miaka mingi baadaye, nikiwa mtu mzima ninayeheshimiwa, bila yeyote wa kuniogopesha.

Mwezi uliopita wachapaji walinipigia simu kwamba kijitabu kinapigwa chapa mpya, kama nina sahihisho lolote. Nilisema ninalo moja, ukurasa wa kwanza, nikampa mhariri jina la mama mdogo, yote matatu. Hapa siliandiki, mkono huu ulikwisha kuliandika mara moja na ikatosha. Mhariri aliniuliza mama huyo alikuwa nani kwangu, ili sentensi ikae vizuri: shangazi, jirani, au mpangaji wa nyumbani? Nilimwambia aandike kwamba alikuwa mtani wa bibi yangu. Akasema wasomaji wengine watadhani ni mzaha. Kisha akaniuliza, kwa upole, kama kuna mtu anayeweza kuthibitisha habari hii, kwa kuwa toleo la kwanza lilisema vingine.

“Namdhamini mimi,” nilisema.

Aliandika, akashukuru, akakata simu. Nilibaki nimeishika. Lilikuwa neno jepesi sana kulitamka. Hata siku ile, barazani, balozi akiwa ananingoja na wino haujakauka, lisingekuwa zito kuliko hivi.